Jenetiki na Mageuko kwa Kundi la Kujisomea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila msimu wa mitihani unapokaribia, hasa kwa wanafunzi wa kidato cha nne Tanzania na Kenya. Mada hizi mbili zinaangukia kidato cha mwisho, wakati ambao walimu wengi wanakimbizana na silabasi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kuzielewa huishia mikononi mwa wanafunzi wenyewe. Machache ya kidato cha sita yako mwishoni.

## Kuendesha kundi

Tuwe wangapi?

Watatu hadi watano. Mkizidi hapo, wapo watakaobaki kuitikia tu. Wawili pia mnatosha, ila mkikwama mnakwama wote.

Kuna kipanga mmoja, anaongea yeye tu. Tufanyeje?

Hili linaua diskasheni nyingi kuliko uvivu. Kipanga anachora ubaoni, wengine wananakili, kila mtu anaondoka ameridhika, na aliyefaidika kweli ni yule aliyekuwa anaeleza.

Geuzeni mambo. Chaki aishike anayejiona hajui. Kipanga akae nyuma, kazi yake iwe kuuliza tu: "Kwa nini hapo umeweka herufi moja?" "Hiyo robo umeitoa wapi?" Mwenye chaki akishindwa kujibu, mmeshajua pa kusoma leo. Swali moja linaweza kula nusu saa kwa njia hii. Liache lile. Maswali matatu yaliyobanwa hivyo yana faida kuliko pasti pepa nzima iliyopitiwa kwa kunakili majibu.

Mtihani ni wa Kiingereza. Tujadili kwa lugha gani?

Jadilini kwa Kiswahili mpaka jambo liingie. Kisha kila mmoja aandike jibu lake kwa Kiingereza, kimya, bila kuchungulia kwa mwenzake, halafu mbadilishane madaftari na kusahihishana. Hatua hiyo ya pili wengi huiruka, ndiyo maana unamkuta mtu anayeeleza miosisi kwa mdomo mpaka raha, lakini akipewa karatasi anaandika mistari miwili na kuweka kalamu chini. Istilahi zitumieni kama zilivyo kwenye mtihani hata katikati ya maongezi ya Kiswahili, ili siku ya pepa zisiwe ngeni.

Tuanze na mada ipi?

Jenetiki. Uteuzi asilia (wenye tabia zinazofaa kuishi na kuzaa zaidi) hufanya kazi juu ya tofauti zinazorithiwa, na asiyejua tofauti hizo zinatoka wapi hubaki kukariri hadithi ya shingo ya twiga. Darwin mwenyewe alikuwa na pengo hilo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1859, makala ya Gregor Mendel kuhusu njegere ikachapishwa 1866, na uzito wake haukutambuliwa mpaka mwaka 1900, Darwin akiwa amefariki miaka 18 nyuma. Ninyi mna bahati ya kuzisoma zote mbili muhula mmoja.

## Misingi ya jenetiki

Kromosomu, jeni na aleli vinatofautianaje?

Kromosomu ni uzi wa DNA uliofungamana na protini, unaokaa ndani ya kiini cha seli. Binadamu ana 46, yaani jozi 23. Jeni ni kipande cha DNA hiyo chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Aleli ni toleo la jeni hiyo.

Mfano unaotosha ni kundi la damu la ABO. Jeni ni moja, matoleo makuu ni matatu: A, B na O. Ila kila mtu hubeba mawili tu, moja kutoka kwa mama na jingine kwa baba. Ukiona mwenzako amempa mtu mmoja aleli tatu, mrudisheni hapa.

Jenotaipu na fenotaipu je?

Jenotaipu ni aleli alizonazo kiumbe, fenotaipu ni kile kinachoonekana au kupimika. Njegere ndefu inaweza kuwa TT au Tt (T ni aleli ya urefu, t ya ufupi). Urefu wake hauwezi kukwambia ni ipi, na hapo ndipo inapohitajika kuizalisha na fupi, tt. Akitokea hata mtoto mmoja mfupi, mzazi mrefu alikuwa Tt.

Kila tukisoma mitosisi na miosisi tunazichanganya. Kuna njia?

Acheni michoro ya kitabu kwa muda, tafuteni uzi wa rangi mbili. Kateni mrefu na mfupi wa bluu (wa baba), mrefu na mfupi mwekundu (wa mama). Hizo ni kromosomu nne. Sasa kila uzi uongezewe pacha wake, mfunge katikati.

Kwa mitosisi, mgawanyiko wa seli za kawaida za mwili, zipangeni zote kwenye mstari mmoja, kila moja peke yake, kisha vuteni mapacha yaachane. Mnapata seli mbili, kila moja ina nyuzi nne. Kwa miosisi, mgawanyiko unaotoa gameti (seli za uzazi), mrefu wa bluu ulale ubavuni mwa mrefu mwekundu, na wafupi vivyo hivyo. Kwanza jozi zinaachana, baadaye ndipo mapacha yanaachana. Seli nne, nyuzi mbili kila moja.

Rudieni miosisi, safari hii mkigeuza upande wa jozi moja tu. Mchanganyiko wa rangi kwenye gameti utabadilika. Hicho mlichokiona ndicho chanzo kimoja cha tofauti zinazotajwa kwenye mageuko, na ndicho kinachoeleza kwa nini gameti hubeba herufi moja ya kila jeni.

## Michoro ya urithi

Maksi ziko wapi kwenye mchoro wa urithi?

Kwenye hatua, si kwenye jibu la mwisho peke yake. Eleza herufi zinamaanisha nini, andika fenotaipu za wazazi, jenotaipu zao, gameti zikiwa ndani ya duara, mistari ya muungano au mraba wa Punnett (jedwali la kukutanisha gameti), jenotaipu za watoto, kisha fenotaipu na uwiano. Mwisho, soma tena swali. Kama limeuliza uwezekano kwa asilimia, "1:2:1" haijajibu kitu.

Tuchukue selimundu: A ni aleli ya kawaida, S ni ya selimundu. Baba AS, mama AS, wote hawaumwi. Gameti za baba: A na S. Za mama: A na S. Watoto: AA robo, AS nusu, SS robo. Mwenye SS ndiye mgonjwa, kwa hiyo uwezekano wa kila mtoto kuwa na ugonjwa ni asilimia 25.

Jambo dogo linalopoteza maksi za bure ni herufi. Ukiruhusiwa kuchagua, kimbia C, S, W na nyingine ambazo kubwa na ndogo zinafanana kwenye mwandiko. Saa mbili ndani ya mtihani, mkono umechoka, hata wewe mwenyewe hutajua uliandika ipi. Swali likikupa herufi, tumia hizo hizo.

Kwenye tabia mbili kwa pamoja, gameti tunazipataje?

Kila gameti ibebe herufi moja ya kila aina. RrYy hutoa RY, Ry, rY na ry. Kosa linalojirudia ni kuandika "Rr" na "Yy" kama gameti. Hapo ujue mtu amesahau miosisi, arudi kwenye nyuzi za rangi hapo juu.

Kupata idadi ya aina za gameti, hesabu jeni zenye aleli mbili tofauti na uzidishe mbili kwa mbili mara hizo. RrYy ina mbili, gameti aina nne. RRYy ina moja, aina mbili tu. Ukijaza mraba wa visanduku 16 kwa RRYy umejichosha bure.

Uwiano ni 3:1. Ina maana wakizaliwa wanne, mmoja lazima awe mgonjwa?

Hapana, na swali hili linastahili kukaliwa kitako maana hata wenye alama nzuri hulikosea. Uwiano ni uwezekano kwa kila mtoto, na kila mimba inaanza upya. Mtoto wa kwanza akiwa SS, wa pili hajapata "nafuu" yoyote. Bado ni robo.

Piga hesabu. Uwezekano wa mtoto mmoja kutokuwa mgonjwa ni robo tatu. Wanne wote wasiwe wagonjwa: 3/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4 = 81/256, karibu theluthi moja. Yaani katika familia nyingi za AS na AS zenye watoto wanne, takriban moja kati ya tatu haitakuwa na mgonjwa hata mmoja.

Mendel mwenyewe hakupata 3:1 kamili. Kwa umbo la mbegu alihesabu mviringo 5,474 na zenye makunyanzi 1,850, uwiano wa 2.96 kwa 1. Kwa urefu wa mmea alipata 787 na 277, yaani 2.84 kwa 1. Idadi ilipokuwa ndogo, uwiano uliyumba zaidi. Jaribuni wenyewe kwa sarafu mbili: kichwa ni A, upande wa pili S. Rusheni mara nne mwone, kisha mara mia mwone.

Wazazi wa kundi A na B wanaweza kumzaa mtoto wa O?

Ndiyo, kama mzazi wa A ni AO na wa B ni BO. Watoto wanaweza kuwa AB, A, B au O, robo kila kundi. Swali gumu zaidi ni kinyume chake: mzazi wa AB hatarajiwi kuwa na mtoto wa O, kwa sababu hana aleli ya O ya kumpa. Kwenye mtihani jibu hilo linasimama. Kuhusu kulipeleka nyumbani, tazama sehemu ya mwisho.

Kwa nini himofilia na upofu wa rangi huwapata zaidi wanaume?

Jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, kwa hiyo aleli nzima moja humfunika. Atakuwa mbebaji tu. Mwanamume ana X moja na Y, na Y haina aleli ya kumsaidia.

Kipimo cha haraka cha kugundua mchoro uliokosewa: baba hawezi kumrithisha mwanawe wa kiume tabia iliyo kwenye X, kwa sababu anampa Y. Ukiona mshale wa himofilia unatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, kuna kosa. Na usiandike "wanawake hawapati himofilia". Anaweza kupata akirithi aleli yenye kasoro kutoka pande zote mbili, ni nadra tu.

Kwenye mchoro wa ukoo nitajuaje kama tabia ni tawala au fiche?

Tawala huonekana hata kwa aleli moja, fiche huhitaji mbili. Tafuta wazazi wawili wasio na tabia hiyo wenye mtoto aliye nayo. Ukiwapata, ni fiche, kwisha. Tafuta pia kinyume chake: wazazi wawili walio nayo wenye mtoto asiye nayo, hiyo ni tawala. Baada ya hapo ndipo uulize kama iko kwenye X.

## Mageuko

Kwa hiyo tumetokana na nyani?

Hapana. Binadamu na sokwe wana babu wa kale mmoja aliyeishi yapata miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita, na tangu hapo kila ukoo umeenda njia yake. Sokwe wa leo ni kama binamu, si babu. Ukiandika "nyani aligeuka kuwa mtu" unapoteza maksi.

Lamarck na Darwin: tunazijua zote mbili lakini bado tunakosa. Kwa nini?

Kwa sababu ya vitenzi. Mtu anajua kabisa kwamba nadharia ya Lamarck ya mwaka 1809, kwamba kiumbe hubadilika kwa kuhitaji kisha hurithisha badiliko hilo, ilikataliwa, halafu akiulizwa kuhusu usugu wa dawa anaandika: "Vimelea vya malaria vilizoea klorokwini na vikajibadilisha ili viishi." Hiyo ni Lamarck mtupu. Hakuna kimelea kilichojibadilisha kwa kuwa kilihitaji.

Andika hivi badala yake: miongoni mwa vimelea, vichache vilikuwa na mutesheni (badiliko katika DNA) iliyoviwezesha kustahimili klorokwini. Dawa iliua visivyo nayo. Vilivyobaki vikazaliana na kurithisha aleli hiyo, na kizazi hadi kizazi vikawa vingi. Tofauti iko kwanza, uteuzi unafuata. Mwenzako akitumia "kuzoea", "ili" au "alihitaji", mkatize hapo hapo.

Mfano huu ni wetu na una ushahidi mzuri. Usugu wa klorokwini ulianza kuonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 2001 ikaingia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwaka 2006 ikaja dawa mseto ya ALu (artemetha na lumefantrini). Malawi iliiacha mapema, 1993, na baada ya miaka kadhaa vimelea vinavyouawa na klorokwini vilirudi kutawala huko. Dawa ilipoondoka, aleli ya usugu haikuwa na faida tena, bali ilikuwa mzigo. Mkiweza kueleza kurudi huko bila kutumia neno "zoea", mada mmeimeza.

Selimundu inaua. Mbona uteuzi asilia haujaifuta?

Kwa sababu mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anthony Allison alionyesha uhusiano huo mwaka 1954 kutokana na utafiti Uganda na Kenya. Palipo na malaria nyingi, AA anaweza kuuawa na malaria, SS na selimundu, na AS anawazidi wote wawili. Aleli S inabaki. Jibu hili linaunganisha mada zote mbili, ndiyo maana watunga mitihani wanalipenda.

Ni ushahidi upi wa kutaja, na mifano ya kwetu ipo?

Visukuku, anatomia linganishi, viinitete, mgawanyo wa viumbe kijiografia, na ulinganifu wa DNA na protini. Usitaje tu, kila kimoja kieleze kinathibitisha nini.

Mifano tunayo tele. Olduvai, mwaka 1959, Mary Leakey alipata fuvu lililoitwa Zinjanthropus, la miaka yapata milioni 1.75. Laetoli kuna nyayo za takriban miaka milioni 3.66, zinazoonyesha kutembea wima kulitangulia ubongo mkubwa. Upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aligundua mwaka 1984 mabaki ya yule kijana wa Turkana, mwenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Na Ziwa Victoria lina furu, samaki wadogo ambao aina zake zilikadiriwa kufika 500, ingawa ziwa lenyewe lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita. Sangara waliopandikizwa kuanzia miaka ya 1950 wamewamaliza wengi.

Mkono wa mtu na bawa la popo, bawa la popo na la kipepeo. Kipi ni kipi?

Mkono na bawa la popo vina mifupa ya mpangilio mmoja, kazi tofauti: asili moja. Bawa la popo na la kipepeo vina kazi moja, miundo tofauti kabisa: asili mbalimbali. Cha kwanza ni ushahidi wa babu mmoja, cha pili ni ushahidi wa mazingira kusukuma viumbe tofauti kwenye suluhisho moja.

Imani yangu ni uumbaji. Niandike nini?

Andika kilichoulizwa. Mtihani unapima kama unaweza kueleza nadharia na ushahidi wake, hauulizi unaamini nini. Silabasi zenyewe huutaja uumbaji miongoni mwa maelezo ya asili ya uhai, kwa hiyo ukiulizwa huo, ueleze pia. Kwenye kundi, mjadala wa dini wekeni baada ya mitihani. Ni mtamu, na unakula jioni nzima.

## Yasiyo ya kawaida

Ndugu yangu ana ualbino, mimi na wazazi hatuna. Uwezekano wa mimi kuwa mbebaji ni nusu, si ndiyo?

Ni theluthi mbili. Wazazi ni Aa wote (a ni aleli fiche ya ualbino). Watoto: AA, Aa, Aa, aa. Lakini wewe tunajua si aa, kwa hiyo kisanduku hicho kinafutwa. Vinabaki vitatu, viwili kati yake ni wabebaji. Watu wanasema nusu kwa sababu wanahesabu na kisanduku ambacho swali limeshakifuta.

Tulizalisha RrYy kwa RrYy lakini data ya swali haitoi 9:3:3:1. Tumekosea wapi?

Huenda hamjakosea. 9:3:3:1 hutokea jeni mbili zikirithiwa kila moja kivyake. Jeni mbili zikikaa karibu kwenye kromosomu moja husafiri pamoja, na uwiano huo hautokei. Swali likionyesha watoto wengi mno wanaofanana na wazazi, fikirieni hilo kwanza.

Kidato cha sita: Hardy-Weinberg inaanzia wapi?

Ni kanuni ya kukadiria aleli katika jamii nzima: q ni sehemu ya aleli zilizo fiche, p ni zilizo tawala, q² ni wenye tabia fiche. Anzia kwa hao, kwa kuwa ndio unaojua jenotaipu yao. Tuseme ualbino Tanzania ni mtu 1 kati ya 1,400, kadirio linalotajwa sana. Basi q² = 1/1400, q ≈ 0.027, p ≈ 0.973. Wabebaji ni 2pq ≈ 0.052, karibu mtu 1 kati ya 19. Kosa la kila siku ni kuchukua 1/1400 kuwa q. Ukikumbuka kwamba unachokiona kwa macho ni q², umepona.

Tumetumia makundi ya damu ya nyumbani kwetu na jibu limekataa. Sasa?

Simameni hapo hapo. Makundi yaliyoandikwa kwenye kadi hukosewa, mtu hukumbuka vibaya, na zipo hali adimu ambapo kipimo cha kawaida humwonyesha mtu kuwa O ilhali amebeba aleli ya A au B. Mchoro wa daftari hauthibitishi ubaba wa mtu. Tumieni familia za kubuni tangu mwanzo, na kilichozungumzwa kundini kibaki humo.

Hali kadhalika kama mwenzenu ana selimundu au ualbino. Mwulizeni pembeni kama hana shida na mifano hiyo. Wengine hupenda kueleza wenyewe, wengine hawataki kuwa kielelezo.

Hatukubaliani kuhusu jibu na mwalimu hayupo.

Msipige kura. Kila upande uandike hatua zake kuanzia gameti, muweke karatasi ubavu kwa ubavu, mtafute mstari wa kwanza unaotofautiana. Mara nyingi ubishi unaishia hapo. Usipoisha, pelekeni karatasi zote mbili kwa mwalimu, si swali peke yake. Akiona mlipoachana njia atawajibu hata akiwa anaelekea darasa jingine.